Theodosia na Dawa Isiyopita Mdomoni

Mama mkwe wangu, Theodosia, alikuwa na neno la kusema juu ya kila dawa, na neno lenyewe halikutegemea dawa inatibu nini. Lilitegemea imetengenezwaje na inaingilia wapi mwilini. Kidonge, alisema, ni dawa ya mtu mwenye subira, maana kinakaa tumboni kama mgeni asiyejua atakaribishwa lini. Dawa ya maji ya kwenye chupa, ile nyekundu yenye utamu, aliiita soda ya wagonjwa. Dawa ya kupaka aliiheshimu kwa sababu unaiona kwa macho ikifanya kazi. Na siku wahudumu wa afya walipokuja kijijini na mikasi, wakakata ncha ya kidonge laini na kumkamulia mtoto matone ya vitamini mdomoni, Theodosia alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Wamejifunza kwa ndege hawa," alisema. "Tazama wanavyolisha makinda."

Sindano tu ndiyo hakuitaja kwa jina. Akilazimika, alisema "ile ya ncha", kisha akatema mate pembeni.

Nimeishi naye hapa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, tangu nilipoolewa na mwanawe Bazilio. Nyumba yake na yangu zinatazamana, uwanja ni mmoja, na kichanja cha kuanikia vyombo ni kimoja. Ukiishi hivyo na mtu unamjua hata anavyokohoa. Mimi nina wasiwasi mwingi, na mwenye wasiwasi hutazama sana. Kwa hiyo nimemtazama Theodosia miaka yote hiyo, na ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, isipokuwa yale ya zamani aliyonisimulia tukipukuchua mahindi.

Alitoka Burundi akiwa msichana, ule mwaka wa mauaji, sabini na mbili, mdogo wake mgongoni, akimfuata mama yake aliyebeba jembe, sufuria na kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba ndefu. Jembe liliisha kwa kulima. Sufuria ilitoboka. Kibuyu kikabaki. Theodosia akakua, akaolewa, akawa raia, akawa mtu wa kubishana na mwenyekiti wa kijiji kwenye mikutano, na kibuyu kile kikahama kutoka ukuta wa mama yake kuja ukuta wake.

Kazi ya kibuyu ilikuwa kuosha matumbo ya watoto. Mtoto akivimbiwa, akiwa na homa, akikataa kula, aliletwa kwa Theodosia. Alichemsha majani aliyoyajua yeye, akayapoza, akayajaza kwenye kibuyu. Kisha alimlaza mtoto kifudifudi mapajani, akaingiza ncha ya shingo kwa nyuma na kumimina polepole. Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Kwake ndipo ilipoanza. Alikuwa akiyabana makalio ya mtoto kwa kiganja, yote mawili pamoja, akamwinua kiuno kidogo, akaanza kuimba kwa Kirundi, "Hora, mwana wanje, hora," nyamaza mwanangu, nyamaza. Mtoto akisukuma, mkono haulegei. Akilia, wimbo haukatiki. Dawa ilibaki ndani kwa sababu haikuwa na pa kutokea.

Nusu ya kijiji ilipita kwenye mapaja yale. Mwenyekiti akianza kujivuna mkutanoni, Theodosia humwambia mbele ya watu, "Kaa chini wewe, mimi nimekujua kwa upande mwingine," na watu huvunjika mbavu.

Lakini kuna mtoto ambaye Theodosia hakumponya, naye ni wake mwenyewe. Kabla ya mume wangu alikuwepo Fidele, mtoto wake wa kwanza. Fidele alishikwa na degedege akiwa na umri wa kuanza kukimbia vizuri. Theodosia alimwosha tumbo mara ya kwanza, akamwosha ya pili, siku ikapita, mtoto hakufumbua macho. Ndipo baba yake alipoamua waende zahanati moja ya mbali ambayo siku hizi haipo. Walipofika, Theodosia aliambiwa asubiri nje. Mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, aliambiwa mtoto amechomwa sindano, na mtoto amefariki.

Huku kwetu, na nasikia si kwetu tu, watu wengi wanaamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Wengine wamesikia kwa jirani. Theodosia alikuwa na kaburi la kuonyesha, pale nyuma ya migomba, na hakuna aliyeweza kubishana naye.

Kisha akaja Saady.

Saady ni tabibu wa zahanati yetu, kijana mrefu kutoka Tanga. Watu wote humwita daktari. Siku moja ya kliniki, wanawake tumekaa kwenye mabenchi na watoto wetu, alisimama akasema, "Kina mama, acheni kuwapiga watoto bomba la majani. Utumbo wa mtoto ni laini, na majani hayana kipimo. Mtoto ameshapoteza maji, ninyi mnamkausha zaidi."

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Theodosia. Alisimama polepole, akajishika kiuno.

"Mwanangu, umezaliwa wapi?"

"Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na mama yako alikutibia nini ulipokuwa mdogo?"

"Mafuta ya nazi, bibi, na kusomewa."

"Mafuta ya nazi yana kipimo?"

"Hayana, bibi."

"Na umerefuka kama mnazi wenyewe!"

Wanawake walicheka, hata muuguzi alicheka. Saady naye alitabasamu, lakini akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimekua, bibi. Mdogo wangu hakukua."

Kicheko kilikatika. Theodosia aliokota mwavuli wake, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga zahanati. Nilipowapeleka watoto wangu kliniki alibaki uwanjani, amenipa mgongo. Wanawake nao wakaanza kupunguza kuja kwake, kwanza wa jirani, kisha hata wa mbali. Kibuyu kilining'inia kwenye msumari na buibui akajenga pale shingoni. Theodosia hakulalamika, ila nilimwona akikaa jioni mikono mitupu mapajani kama mtu aliyesahau alitaka kushika nini.

Haya sasa ndiyo ya mwezi wa tano mwaka jana. Mvua zilikuwa zinaisha, mbu wamejaa. Bazilio alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki, ambako simu haishiki. Divine, kitinda mimba wangu, niliyemzaa nikidhani nimeshafunga hesabu ya kuzaa, alikuwa na miaka mitatu. Jioni moja hakumaliza uji. Niliona. Asubuhi aliamka wa moto, midomo imekauka. Nilimpa dawa ya maji ya homa, akaitapika. Nikaponda kidonge, nikakichanganya na asali, akakitapika pamoja na asali. Nikajaribu maji matupu, nayo yakarudi. Nikajua mdomo umefungwa, chochote kitakachopita huko hakitakaa.

Nilikuwa najifunga kitenge nimbebe kwenda zahanati alipogeuza macho juu. Mkono wake ulianza kuruka, kisha mguu, kisha mwili mzima ukakakamaa mikononi mwangu.

Theodosia alikuwa uwanjani anachambua maharage. Ungo ulianguka. Hakuja kwangu. Aliingia nyumbani kwake, akatoka na kibuyu, anafuta buibui kwa khanga.

"Mlete," alisema.

"Mama, naenda zahanati."

"Kwa yule wa Tanga? Atamchoma!"

"Naenda, Mama."

"Oya! Mama Mpawe, nisikilize! Mtoto wa degedege hachomwi, unajua! Fidele wangu..."

"Ya Fidele nayajua, umenisimulia. Huyu ni Divine, na naenda naye."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Mama Mpawe ni mimi, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza Mpawenimana, na Mama Mpawe huwa hajibu, hutazama. Nilimgeuzia mgongo nikashika njia. Hatua chache nikasikia ndara zinapiga nyuma yangu. Alikuwa anakuja, kibuyu kwapani.

"Siendi kwa daktari," alisema huku anahema. "Naenda kuilinda ile ngozi isitobolewe."

Tulipofika, kukakamaa kulikuwa kumeisha, lakini Divine hakuwa amerudi. Nilimwita, hakuitika. Nilimfinya sikio, hakukunja uso. Saady alitoka mbio akampokea, akamlaza, na kabla Theodosia hajafika mlangoni akamtoboa kidole na kupima damu kwa kile kipande cha plastiki. Mstari ulijitokeza hata kabla hajakiweka mezani.

"Malaria kali," alisema. "Anatakiwa Kibondo, hospitali ya wilaya, sasa hivi. Gari la wagonjwa limekwenda na mama mjamzito. Tutatafuta pikipiki. Lakini hawezi kwenda hivi hivi, lazima apate dawa kwanza."

Aliingia chumba cha dawa, na aliporudi Theodosia alikuwa amejaza mlango wa chumba alimolala mtoto. Ni mwanamke mwembamba, lakini siku ile alijaza mlango.

"Ile ya ncha, hapana. Utanichoma mimi kwanza."

"Sina sindano mkononi, bibi."

"Basi nini? Kidonge? Mtoto hana hata nguvu ya kumeza mate yake."

Saady alifungua kiganja. Kulikuwa na kitu kidogo cheupe, laini, kirefu kidogo kama punje ya hindi iliyovutwa.

"Hii haimezwi, wala haichomwi. Inawekwa nyuma, kwenye njia ya haja kubwa. Inayeyuka huko na kuingia kwenye damu."

Nilimwona mama mkwe wangu anatazama kile kitu, kisha anamtazama Saady, kisha anakitazama tena.

"Wewe," alisema. "Wewe uliyesimama mbele ya wanawake wote wa Kumsenga ukaniaibisha. Leo unataka kupita njia yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Njia ile uliyoikataza!"

"Sikukataza njia. Nilikataza majani. Njia haina kosa, bibi. Mtoto anayetapika na hajitambui, hiyo ndiyo iliyobaki wazi."

"Hayo nilikuwa nayajua kabla mama yako hajakuzaa."

"Najua. Naomba unipishe nimwekee, tunachelewa."

Alimpisha. Hakuingia wala hakutoka, alisimama pembeni na kibuyu chake. Saady alivaa glovu, akamgeuza Divine ubavu, akaweka dawa. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mwanangu, midomo yangu inaomba. Divine, ambaye hakuwa anajua kama kuna dunia, mwili wake ulijua. Alisukuma. Ile dawa ikatoka, nzima, ikadondoka kwenye kitenge.

"Mungu wangu," nilisema.

Saady aliiokota haraka, akairudisha, akabana kwa vidole. Ikatoka tena.

"Unamshika kama unashika kuku," Theodosia alisema.

Aliweka kibuyu chini kwenye kona. Aliketi kwenye benchi, akanyoosha khanga mapajani, akapiga paja kwa kiganja. "Mlete hapa. Wewe weka, mimi nitashika. Oya, si hivyo, kifudifudi. Kichwa kiangalie pembeni apumue."

Saady alimwinua Divine. Alimleta, akapiga goti mbele ya yule mama aliyemgomea, akaweka dawa kwa mara ya tatu, na mkono wa Theodosia ukashuka. Niliuona ule mkono. Ngozi imekunjamana, kucha zina udongo wa shamba. Haukutetemeka. Uliyabana makalio madogo ya Divine pamoja, ukainua kiuno, ukatulia, na wimbo ukaanza. "Hora, mwana wanje, hora." Divine alisukuma. Mkono haukulegea. Akasukuma tena, kidogo. Kisha akaacha.

Wimbo uliisha, ukarudiwa. Saady alitazama saa yake, akanyanyua dole gumba kwamba imetosha. Theodosia akatikisa kichwa na kuanza upya. Tulisimama tu pale, mimi na tabibu, kama wanakwaya wasiojua maneno.

"Sasa," alisema mwishowe. "Imeyeyuka. Nimeisikia."

"Bibi, nisikilize vizuri," Saady alisema akiandika rufaa. "Hii haimalizi kazi. Inaizuia malaria isimuue njiani, basi. Kibondo watampa nyingine ya ukoo huohuo, lakini kwa sindano. Akishaweza kumeza, atapewa vidonge vya ukoo huohuo. Ni ndugu watatu. Mmoja akifika peke yake, ugonjwa unarudi."

Theodosia alimfunika Divine kwa khanga. Uso wake ulifunga. Nami nikajua vita haijaisha, imehamia Kibondo.

Nsengimana, dereva wa bodaboda, alikuja na pikipiki inaunguruma. Alitutazama wanawake wawili na mtoto.

"Leo mshikaki," alisema. "Bibi, unajua kupanda?"

"Nimevuka mpaka kwa miguu nikiwa na mtu mgongoni. Endesha, acha mdomo."

Akakaa katikati na Divine kifuani, mimi nyuma nimewashika wote wawili. Barabara ilikuwa na matope mekundu na mashimo, Nsengimana anayakwepa kama anacheza ngoma. Sikuona mashamba wala watu. Nilitazama kisigino cha Divine kilichotoka kwenye khanga, kikining'inia, kikitikiswa na barabara kama kitu kisicho na mwenyewe.

Mjini Kibondo palianza kuonekana kisigino kile kilipovutwa ndani. Si barabara iliyokivuta. Kilijivuta chenyewe. Kisha nikasikia sauti nyembamba, yenye hasira, sauti ya mtoto aliyeamshwa vibaya.

"Analia!" nilipiga kelele. "Mama, analia!"

"Namsikia," alisema Theodosia. "Mwache alie. Lia, mwana wanje, lia!"

Nsengimana akapiga honi hadi getini, watu wakadhani ni harusi.

Hospitali walitupokea vizuri. Walisoma rufaa ya Saady, wakampa Divine kitanda, na muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya upole, Asmahani, akaja na sinia. Juu yake kulikuwa na sindano.

Divine alikuwa amefumba macho tena, amechoka kwa kulia. Theodosia alisimama kati ya sinia na kitanda. Nilikuwa na neno la kumwambia lakini nilihofu nikilisema vibaya ataondoka na mtoto kweli, na mimi sina nguvu za kupigana naye.

"Mama, nipishe kidogo nimpe mtoto dawa," alisema Asmahani. "Mnaweza kusubiri nje kama mnaogopa."

Neno "nje" lilimpiga. Nililiona likimpiga. Alishika chuma cha kitanda.

"Sitoki nje," alisema. "Wangu wa kwanza walimchoma mimi nikiwa nje. Sikuona. Walinifungulia mlango wakanipa maiti. Kama lazima mumchome, mchome mimi nikiona. Nimshike mwenyewe."

Asmahani hakucheka, hakukemea. Aliweka sinia chini.

"Njoo upande huu, mama yangu. Shika mkono wake hapa, hivi, usitikisike. Mimi nitaingiza kwenye mshipa huu. Unaona? Utaona yote."

Theodosia aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa mkono wa mtoto. Aliushika kwa ule mkono wake, na nikajua hautatikisika. Ncha iliingia. Mimi nilifumba macho. Yeye hakufumba, muuguzi aliniambia baadaye. Nilisikia Divine anapiga ukelele uliojaza wodi nzima, kisha maneno, maneno yake ya kwanza tangu asubuhi:

"Nyogokuru, ananifinya! Mpige!"

Nyogokuru huyo, bibi yake, alibaki ameinama. Mabega yake yalitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na analia pia.

"Ameongea," alisema. "Wamemchoma na ameongea. Amenituma nipige watu." Akafuta uso kwa khanga. Akaitazama sindano tupu kwenye sinia. "Fidele hakulia njiani," alisema, akinigeukia mimi. "Nilimbeba njia nzima. Hakulia, hakuvuta mguu. Alikuwa ameshaenda, Mama Mpawe. Alikuwa ameshaenda kabla hatujafika. Haikuwa sindano."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kumsikia akilitamka neno hilo.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Saa ya dawa ilipokaribia alitoka kwenye korido. "Nesi! Sindano ya mjukuu wangu iko wapi? Malaria inatusikiliza!" Alipewa jina wodi nzima, Bibi Sindano, naye akaitikia. Kesho yake Divine alikaa kitandani akaomba muhogo. Si uji, muhogo. Alikula kipande kizima na hakutapika, na mimi nililitazama kila tonge likishuka kooni kama mtu anayetazama mtoto wake akipita daraja la miti.

"Sasa anameza," alisema Asmahani. "Tunahamia kwenye vidonge."

Vilikuwa vidonge vya watoto. Asmahani alidondosha kimoja kwenye kikombe chenye maji kidogo, kikavimba, kikapasuka, kikawa maji ya njano. Theodosia alikitazama kwa mashaka makubwa.

"Kimekufa."

"Hakijafa, mama. Kimetengenezwa hivyo, mtoto asisumbuke kumeza."

"Kidonge kinachojigeuza soda," alisema Theodosia, na nikaona kimemfurahisha. "Huyu ndugu wa tatu ana akili kuliko wote."

Tuliporudi Kumsenga na Divine anatembea mwenyewe kutoka kwa bodaboda hadi mlangoni, wanawake walipiga vigelegele. Nsengimana alikuwa ameshasambaza habari, na kwenye habari yake pikipiki ilikuwa imeruka. Vidonge vilivyobaki tulimpa hadi cha mwisho, ingawa alikuwa anakimbiza kuku tangu siku ya kwanza nyumbani. Theodosia alisimamia. "Ndugu wa tatu hajamaliza kazi," alisema, na mtoto akanywa. Bazilio alipotoka porini na ndoo zake za asali alimkuta binti yake juu ya kichanja cha vyombo, amekatazwa kupanda. Mama yake alimsimulia yote, akasimama, akaonyesha kwa mikono. Bazilio aliketi chini kwenye vumbi akiwa bado amevaa nguo za nyuki.

Kibuyu kilibaki kwenye kona ya zahanati. Saady alikileta mwenyewe nyumbani, kwa heshima, amekishika kwa mikono miwili.

"Bibi, ulisahau."

"Sikusahau," alisema Theodosia. Alikipokea, akachukua kisu, akaikata ile shingo ndefu mbele yake. Kilichobaki alimpa Bazilio, ndicho anachotekea asali mpaka leo. Kisha akamtazama Saady juu hadi chini. "Majani nimeacha. Lakini wewe kushika hujui. Waletee hao wanawake wako mtu wa kuwafundisha."

"Nani, bibi?"

"Usinichekeshe."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku za kliniki Theodosia huketi kwenye benchi la mbele na mwanasesere wa nguo kuukuu aliyemjaza magamba ya migomba. Saady huwaeleza kina mama kwamba homa ikipanda na mtoto akashindwa kumeza wakimbilie zahanati kwanza, wasipite kwa mtu. Kwamba dawa ya kuweka nyuma huwekwa na mhudumu, na safari ya hospitali lazima ifuate. Akifika kwenye kumshika mtoto hunyamaza na kumwachia yeye. Theodosia humlaza mwanasesere kifudifudi, akabana, akaimba. Wanawake huimba naye. Na anayeuliza, "Je, mtoto wa degedege akichomwa si atakufa?" hujibiwa na Theodosia mwenyewe, na hujibiwa kwa habari ya Fidele, na huwa simwoni mtu akiuliza mara ya pili.

Baada ya mavuno mwanamke mmoja wa ng'ambo ya bonde aliletwa mbio na mtoto amekakamaa. Hakupita kwa bibi yeyote. Alikuja moja kwa moja zahanati, na siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Saady aliweka, Theodosia akashika, wimbo ukarudiwa, Nsengimana akawasha pikipiki. Wiki iliyofuata yule mtoto alipita barabarani mgongoni kwa mama yake, anatafuna muwa. Theodosia alisimama uwanjani akapunga mikono yote miwili mpaka walipopotea kwenye kona.

Mimi bado nina wasiwasi. Bado naamka kumpapasa Divine paji la uso. Lakini jana nilikuwa napika nikamwona amekaa chini ya ukuta wa nyumba ya bibi yake, amemlaza yule mwanasesere mapajani, amembana, anaimba "Hora, mwana wanje," na hakosei hata neno. Alipomaliza alichukua mwiba wa mchongoma akamchoma mkononi, kwa uangalifu. Kisha akamtupa pembeni akataka kukimbia kucheza.

"We Divine!" Theodosia alimwita kutoka kwenye ungo wake wa maharage, bila kuinua kichwa. "Rudi hapa! Vidonge vyake je? Au unataka augue tena?"

Divine alirudi, akachukua kifuniko cha chupa, akatia maji, akadondosha punje ya mchanga, akakoroga kwa kidole mpaka bibi yake aliporidhika.